Siku Tano, Chumba Kimoja

Wheaton, Maryland
9 Machi 2025

Mdogo wangu Domina,

Nimeamua kukuandikia badala ya kukupigia simu. Kuta za nyumba tuliyopanga ni nyembamba, na Anitha akisikia naongea na wewe huja kusimama mlangoni, basi mazungumzo yanageuka kuwa "hatujambo, ninyi je". Nilichonacho kinahitaji nafasi.

Mwezi wa saba nataka kumpeleka Anitha baharini. Hatuendi kumtembelea mtu, tunaenda kupumzika. Ni hoteli iliyoko ufukweni, Jamhuri ya Dominika, visiwa vya Karibiani, mwendo wa saa nne hivi kwa ndege. Siku tano. Kuna Mkenya ninayehudumia naye wazee kazini, anaitwa Wamaitha, mwenyeji wa Nyeri. Yeye alienda mwaka jana na vijana wake. Anasema, "Leokadia, wanakufunga kamba ya hoteli kwa mkono kuonyesha umelipa, basi. Unakula mpaka uchoke, hakuna mtu anakuuliza kitu."

Wewe unajua maisha yangu hapa. Sijapanda ndege tangu ile iliyonileta. Baba nilimzika kwa simu, Mama nilimzika kwa simu. Likizo zangu nilizigeuza zamu za ziada. Sasa mtoto amefika, mwaka na miezi miwili, na bado tunapishana mlangoni kama wapangaji. Mimi nikiingia, yeye anaenda shule. Nikaona tupate mahali ambapo hakuna zamu wala shule.

Nilimwambia Jumapili tukitoka misa ya Kiswahili. Akasema sawa. Nikafurahi.

Naomba unisaidie mambo mawili. Kwanza cheti cha kifo cha baba yake, kipige picha unitumie. Mtoto akisafiri na mzazi mmoja, wanaweza kuuliza mwingine yuko wapi. Pili, nieleze. Anaogopa maji? Anakula nini akiwa na furaha? Nimemwuliza, ananijibu "chochote". Wewe ndiye umemlea miaka kumi na moja. Mimi nina nguo zake za umri wa miaka minne na mtoto wa miaka kumi na sita.

Dada yako,
Leokadia


Kashai, Bukoba
14 Machi 2025

Dada Leokadia,

Shikamoo. Barua nimeisoma kwenye kompyuta ya ofisi ya walimu, saa ya mapumziko. Cheti cha marehemu nimekiambatisha. Kilikuwa chini ya sanduku, pamoja na kadi ya kliniki ya Anitha.

Majibu ya maswali yako. Anakula kila kitu isipokuwa maini. Akiwa na furaha hula dagaa wa kukaanga na ndimu, tena kwa mkono, amesimama jikoni. Kuhusu maji siwezi kukuambia, kwa sababu ziwani nilimkataza kwa ajili ya kichocho, na sidhani kama amewahi kuingia zaidi ya magoti.

Jambo jingine. Usimwulize maswali mkiwa mezani mmetazamana. Hapo utapata "chochote" mpaka mwisho wa dunia. Mpe kazi ya mikono, mmenye ndizi au mkunje nguo, ndipo uulize. Na usikilize vizuri. Akisema "sawa" mara moja, amekubali. Akisema "sawa, sawa", mara mbili, hataki.

Nami sijambo. Julai nitakuwa na shughuli nyingi hapa, kwa hiyo msishangae mkinikosa kwenye simu.

Mdogo wako,
Domina


Wheaton
30 Machi 2025

Mama Domina, shikamoo.

Nakuandikia kwa Kiswahili sanifu ili usinisahihishe. Shule inaenda vizuri. Kemia nimepata A. Nimepata rafiki, anaitwa Chebet, kwao ni Kericho lakini amezaliwa hapa. Mimi namsemesha Kiswahili, yeye ananijibu Kiingereza, tunaelewana.

Nataka kukuambia kuhusu safari ya baharini, lakini usimwambie mtu. Kuna orodha imebandikwa kwenye friji. Mafuta ya jua. Kofia. Dawa ya tumbo. Kila siku kitu kinaongezeka. Ameninunulia nguo ya kuogelea ina sketi na maua makubwa, nadhani ameiona kwa wale bibi anaowahudumia. Alinitazama usoni wakati naifungua, nikasema ni nzuri.

Ananiuliza: unapenda chumba kinachotazama bahari au bustani? Unapenda ndege ya asubuhi au ya mchana? Mimi najibu chochote, naona anaumia, halafu najibu chochote tena. Si ubaya, Mama. Hapa nyumbani tunapishana na ni rahisi. Kuna chakula kwenye mikrowevu, kuna karatasi imeandikwa "kula". Kule tutakuwa chumba kimoja siku tano. Tutaongea nini? Nikimwambia habari zangu, kila habari ina wewe ndani yake, na nikikutaja anaanza kupanga vikombe.

Nimewaza hivi. Hiyo safari ingekuwa ya kuja Bukoba. Ningekaa mwezi mzima. Ningekusaidia kusahihisha madaftari ya kidato cha kwanza, kama zamani. Nikikuomba wewe umwambie, atakubali. Lakini nijibu kwanza.

Mwanao,
Anitha


Kashai, Bukoba
5 Aprili 2025

Anitha mwanangu,

Barua yako ina makosa mawili tu ya nukta.

Julai usije. Sitakuwa na nafasi ya kukaa nawe, na nyumba haitakuwa katika hali ya kupokea mgeni. Nenda na mama yako baharini. Amejinyima mengi kwa ajili ya safari hiyo, na ni adabu kupokea unachopewa. Hiyo nguo ya kuogelea, mwambie ukweli kwamba haikutoshi vizuri, atakubadilishia.

Soma kwa bidii. Tutaonana Mungu akipenda.

Domina


Wheaton
27 Aprili 2025

Domina,

Kuna kitu umemwambia huyu mtoto, na nakuomba unieleze.

Tangu kabla ya Pasaka amebadilika. Si kwamba ni mkorofi. Anaosha vyombo, anasoma, anaamkia. Lakini amekuwa kama mtu aliyekaa stendi anasubiri basi. Leo nikafuata ushauri wako. Nilinunua ndizi mbichi kwenye duka la Wahispania, nikampa kisu, tukakaa jikoni tunamenya. Nikamwuliza, "Hii safari ya baharini, unaitaka?"

"Sawa, sawa."

"Umesema mara mbili."

Akaacha kumenya. "Nani amekwambia hayo?"

"Mama yako mdogo."

Akaweka kisu mezani. Halafu akasema, "Basi mwulize na yeye kwa nini hataki niende nyumbani Julai. Ameniita mgeni."

Nikamwambia pengine amekosea kuelewa. Akaniletea barua yako akanisomea, neno kwa neno, kama anayesoma tangazo la shule. "Nyumba haitakuwa katika hali ya kupokea mgeni." Domina, mtoto uliyempakata miaka kumi na moja ni mgeni tangu lini?

Nikamwuliza pia kama anaogopa maji. Akasema yeye na wenzake walikuwa wanaogelea ziwani, kule Nyamukazi, kila Jumamosi ukiwa kwenye mikutano ya walimu, na anaweza kwenda mbali mpaka watu wa ufukweni wawe wadogo. Kwa hiyo hata wewe hukuwa unajua kila kitu. Nikiri kwamba lilinipendeza hilo, kidogo.

Hoteli nimeshailipia, tarehe 11 mpaka 15 Julai. Niambie kuna nini huko. Kama unaumwa, sema.

Leokadia


Kashai, Bukoba
3 Mei 2025

Dada,

Siumwi. Naolewa.

Anaitwa Phineas, fundi wa pampu za maji. Ni mgane, ana watoto wawili wadogo, na ananiheshimu. Ndoa ni Jumamosi tarehe 12 Julai, parokiani kwetu. Kaka Gervas anajua, nilimwomba anyamaze.

Sikukuambia kwa sababu nilipopata barua yako ya kwanza tarehe ya ndoa ilikuwa imeshapangwa, na nikaona umeandika kwamba hujapanda ndege tangu ile iliyokuleta. Nikajua nikisema, utaivunja safari yako papo hapo. Wewe umevunja mambo yako kwa ajili yetu tangu nikiwa kidato cha pili. Nikasema safari hii hapana.

Hiyo ni sababu ya kwanza, nayo ni ya kweli. Ya pili ni Anitha. Siku ile nilipompeleka uwanja wa ndege nilitembea sawasawa mpaka alipopita mlango wa ukaguzi, kisha nikakaa chini sakafuni, askari akaja kuniuliza kama nimeibiwa. Nikimwona tena hapa, akafagia ua, akalala chumba chake, sitaweza kumpandisha ndege mara ya pili. Najijua. Nitatafuta sababu, na yeye atanisaidia kuitafuta.

Halafu kuna kitanda. Binti mdogo wa Phineas ana miaka mitano, na tangu Machi huja kukaa nami siku za juma kwa sababu shule yake iko karibu. Analala kwenye kitanda cha Anitha. Sikujua namna ya kuliandika jambo hilo.

Nakuomba usimwambie mpaka mtoke baharini. Nitamwandikia mwenyewe, polepole.

Domina


Wheaton
7 Mei 2025

Domina,

Hongera. Nakutakia heri kwa moyo wangu wote, na huyo Phineas nampokea bila kumwona. Sasa nisikilize.

Nimemwambia. Umeniomba nimfiche mtoto jambo, nami nimeshamficha ya kutosha. Kila mwaka nilimwambia kwa simu kwamba Krismasi nakuja, nikijua makaratasi hayajatoka. Sina tena nguvu za kazi hiyo.

Jumapili tulikuwa tumetoka kununua viatu vya kuvaa mchangani. Stesheni ya treni ya Wheaton ina ngazi za umeme ndefu sana, mtu anaweza kusali fungu zima la rozari kabla hajafika chini. Nilimwambia tukiwa juu, habari ya ndoa na ya kitanda. Tulipofika katikati akauliza, "Gauni lake ni rangi gani?" Nikasema sijui. Tukiwa kwenye benchi akasema, "Mtoto anayelala kwenye kitanda changu, anajikojolea?" Nikasema hilo pia sijui. Akasema, "Godoro lile lina nailoni chini. Mama Domina anajua."

Nyumbani nikamwambia hivi: "Likizo yangu ni siku saba tu, na njia ya Bukoba inakula nne. Mimi siwezi kwenda. Wewe unaweza. Hoteli wanakubali tubadilishe tarehe, mradi iwe mwaka huu. Chagua."

"Nikienda, ni lini narudi?"

"Tiketi itakuwa na tarehe ya kurudi. Kuitumia au kutoitumia, ni juu yako."

Nilisema hivyo nikashangaa nimesema. Nikuungamie, mdogo wangu. Nilichagua kisiwa kile kwa sababu kule hakuna anayemjua. Nyumbani ningekuwa mgeni, naye angekuwa mtoto wako, watu wangeniamkia na kuendelea na mazungumzo yao. Wewe unaogopa kwamba hutaweza kumpandisha ndege. Mimi naogopa kwamba hatashuka tena huku. Sisi wawili tumemfanya mtoto kama mzigo wa kupokezana, kila mmoja akichungulia mwenzake kama ameushika vizuri.

Hajaamua. Ameomba siku chache.

Leokadia


Wheaton
11 Mei 2025

Mama Domina, shikamoo.

Leo hapa ni sikukuu ya akina mama. Padri alisema kila mtoto achukue ua kwenye ndoo ampe mama yake. Nilichukua mawili. Moja nimempa yeye, la pili nimelibana ndani ya kitabu cha kemia.

Nimekasirika. Sijakasirika kwa sababu unaolewa. Ulipokuwa unanisindikiza uliniambia, "Wewe sasa ni mkubwa, nakuambia kila kitu." Halafu ukanificha kitu kikubwa kuliko vyote. Chebet anasema nikuandikie mambo mabaya halafu nisitume. Niliandika, sijatuma.

Nitakuja. Natua Dar es Salaam tarehe 9 Julai, mjomba Gervas atanipokea na kunipandisha ndege ya Bukoba. Narudi tarehe 26. Usinipangie chumba. Nitalala na huyo mtoto kitanda kimoja, mradi alale upande wa ukutani.

Na tarehe 26 usinisindikize mpaka uwanjani. Mama alinisomea kipande cha barua yako. Alisema si vizuri kusoma barua ya mtu lakini akasoma. Sikujua kwamba ulikaa sakafuni. Mimi nilikuwa upande wa pili wa kioo nalalamika moyoni kwamba hukubaki kunipungia.

Anitha


Kashai, Bukoba
16 Julai 2025

Kwako Mama wa Wheaton,

Shikamoo. Harusi imepita salama. Gauni lilikuwa rangi ya maziwa. Mama Domina alilia kanisani lakini si pale nilipotegemea, alilia wakati wa matangazo. Bwana Phineas haongei sana, bomba la jikoni amelitengeneza akiwa bado amevaa suti. Binti yake hajikojolei. Anaongea usingizini.

Watu wote wananiuliza Marekani kukoje, nami nawaambia kuna baridi na mama yangu anafanya kazi sana. Wanauliza unafananaje sasa. Nilitaka kuwaonyesha picha, nikakuta kwenye simu yangu sina hata moja uliyopigwa peke yako. Naomba unitumie. Usivae sare ya kazi.

Kuhusu hoteli ya Agosti: omba vitanda viwili, na chumba kinachotazama bahari. Ndege iwe ya asubuhi. Nguo yenye maua irudishe dukani, nimeshaazima ya Chebet.

Anitha


Kashai, Bukoba
27 Julai 2025

Dada,

Najua alikupigia alipofika Addis Ababa, na sasa hivi huenda amelala kitandani kwake, lakini nataka uipate kwa mkono wangu.

Alinikataza kumsindikiza, nami nikamtii mpaka saa moja asubuhi. Kisha nikamwambia Phineas awashe pikipiki. Tulimkuta amekaa kwenye benchi, pasipoti mkononi, sanduku katikati ya miguu. Hakushangaa. Alisogea nikakaa.

Nilikuwa nimeandaa sababu, Dada. Kwamba shule yangu ina nafasi kidato cha tano. Kwamba mwili wake umepungua. Nilizipanga zote njiani nikiwa nyuma ya pikipiki. Tulipotangaziwa, yeye ndiye aliyesimama kwanza. Akaniambia, "Mama Domina, usikae chini, sakafu ni chafu." Akaenda. Safari hii nilibaki wima mpaka ndege ikapaa, na Phineas alikuwa amenishika kiwiko, kwa hiyo sijui sifa ni ya nani.

Ameniachia madaftari ya kidato cha kwanza, yote yamesahihishwa. Ni mkali kuliko mimi.

Mdogo wako,
Domina


Jamhuri ya Dominika
20 Agosti 2025

Mdogo wangu Domina,

Tuko hapa siku ya tatu. Wamaitha alinitisha kwamba huu ni msimu wa tufani, lakini hadi sasa ni jua tupu.

Siku ya kwanza nililala. Tulifika chumbani saa nane mchana, nikasema ninyooshe mgongo. Nilipoamka ilikuwa asubuhi, jua limerudi upande wa pili. Anitha alikuwa ameweka kiti mlangoni ili wanaosafisha vyumba wasiingie, naye alikuwa varandani anasoma, pembeni yake sahani tatu tupu. Nilitaka kuomba radhi kwa kupoteza siku nzima. Akasema, "Haijapotea. Sijawahi kukuona umelala."

Siku ya pili akaingia baharini. Alienda mbali, mimi nimesimama na maji kwenye vifundo vya miguu, nahesabu kichwa kimoja. Mlinzi wa ufukweni akaniambia kitu kwa Kihispania, nadhani alisema nisihofu. Nilihofu mpaka aliporudi. Hajui kwamba mimi siwezi kuogelea hata kwenye beseni. Au hakuwa anajua, maana alipotoka alinitazama miguu akacheka, akaanza kunifundisha kulala juu ya maji, mkono wake chini ya mgongo wangu. Nilizama mara nne.

Tunaongea, si sana. Kuna vipindi virefu hatusemi kitu na hakuna anayeinuka kupanga vikombe, kwa sababu hapa vikombe si vyetu.

Leo tulikuwa tunakula, amekaa mkono wangu wa kulia, wote tunatazama bahari. Akaniuliza, bila kugeuka, "Siku ile ulipoondoka Bukoba, kwa nini hukuniamsha?"

Swali hilo nimelisubiri miaka kumi na miwili, Domina, nami nilikuwa na majibu mengi. Kwamba gari lilikuja alfajiri. Kwamba yeye alikuwa na homa. Yote ni kweli. Nikamwambia, "Ningekuamsha nisingeondoka."

Akatafuna. Akameza.

"Ningelia," akasema. "Halafu ningenyamaza. Watoto hunyamaza."

"Najua sasa."

"Ungeniamsha tu."

"Ningekuamsha," nikasema.

Hakusema amenisamehe, wala sikumwomba. Alisimama kwenda kuongeza samaki, akachukua na sahani yangu bila kuniuliza.

Leokadia